Mwendo wa Jenerali wa Jeshi la Anga

Wasikilizaji wetu mkaao katika milima ya Kasulu na Kibondo, ndege ipitapo juu ya nchi ya Buha watoto hutoka nje mbio, na wazee huinua macho. Mwanafunzi hujiuliza: Je, yule aiendeshaye alifikaje kule? Leo twaeleza habari za mtu mmoja wa nchi jirani ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla.

Alizaliwa mwaka 1962 huko Siaya, karibu na Ziwa Viktoria, akaingia jeshini tarehe 24 Aprili 1984. Tukumbuke wakati ule ulivyokuwa. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa Jeshi la Anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali, wakashindwa. Jeshi lao likavunjwa, likawekwa chini ya jeshi la nchi kavu, na jina lake la zamani halikurudi mpaka mwaka 1994. Basi kijana huyu alikuwa kama mtu apandaye katika shamba lililoungua: majirani wamshangaa, lakini yeye ajua ya kuwa jivu ni mbolea.

Tarehe 6 Mei 1985 alifanywa Luteni-usu, ndicho cheo cha kwanza cha afisa. Alifundishwa na Jeshi la Anga la Marekani kurusha ndege za vita, kisha naye akawa mwalimu wa marubani. Alijifunza pia kuchunguza sababu za ajali za ndege. Wala hakuacha kusoma: alisoma katika chuo cha kijeshi cha Paris, na katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Vyeo vya jeshi ni mfano wa ngazi. Baada ya Luteni-usu huja Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, na mwisho Jenerali. Ni vidato 10, na hapana arukaye. Mwaka 2018 Ogolla alikuwa Meja Jenerali, akapewa kuliongoza Jeshi la Anga lote. Tarehe 28 Aprili 2023 akawa Jenerali na Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya. Kuzipanda ngazi hizo kulimchukua karibu miaka 38.

Tarehe 18 Aprili 2024 alikwenda kuwatazama askari wake na shule zilizoharibiwa na majambazi, ambazo zilikuwa zikitengenezwa upya. Saa 8 na dakika 20 mchana helikopta yake iliondoka katika shule ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Muda mfupi baadaye ilianguka huko Sindar. Yeye na wenzake 9 wakafa, wawili wakaokoka. Zilibaki siku 6 tu atimize miaka 40 ya utumishi.

Alikuwa amewaagia jamaa zake ya kuwa akifa azikwe kabla ya saa 72 kupita, wala asitiwe katika jeneza. Wakamtii. Jumapili, tarehe 21 Aprili, alizikwa kwao Alego, amefunikwa sanda tu.

Ninyi wanafunzi, iangalieni safari hii yote. Mtu huyu alipanda vidato 10, kimoja kimoja. Na siku ya mwisho alikuwa ametoka kutazama madarasa ya watoto wa watu wengine. Cheo alikiacha juu ya nchi. Kazi ndiyo iliyobaki ikisemwa.