Kuiandaa Boila Kabla ya Mkaguzi Kufika

Habari ya kuwa mkaguzi wa serikali atazuru kiwanda aghalabu huamsha mifagio na makopo ya rangi. Sakafu husuguliwa, kuta hupakwa chokaa. Ofisini jambo hilo halina dhara. Kwenye boila lina dhara kubwa, kwa kuwa rangi mpya ni pazia zuri la kufichia ufa. Boila za viwanda vya chai na vya sukari, ambavyo ni vingi katika Afrika Mashariki, zahitaji maandalizi ya namna nyingine kabisa: hapana budi zizimwe, zipozwe, kisha zifunguliwe.

Sababu yake ni elimu ya joto inayofundishwa madarasani. Katika boila yenye kanieneo (yaani nguvu inayosukuma kila kipande cha eneo) ya baa 10 juu ya ile ya hewa, maji huchemka kwenye nyuzi 184 za sentigredi, wala si 100. Ukuta ukipasuka, kanieneo huanguka ghafla na maji hayo hujikuta na joto la ziada. Takriban sehemu moja kwa sita ya maji yote hugeuka mvuke papo hapo. Tani moja tu ya maji huweza kutoa mvuke wa zaidi ya meta za ujazo 250. Hatari, basi, imo zaidi katika maji ya moto kuliko katika mvuke uliokwisha kukusanyika juu yake, jambo ambalo wengi hulikadiria kinyume.

Tarehe 20 Machi 1905, huko Brockton katika jimbo la Massachusetts, Marekani, boila ya zamani ya kiwanda cha viatu cha Grover ililipuka, ikapasua paa na kuruka. Watu 58 walikufa. Boila za aina hiyo ziliungwa kwa mabamba ya chuma yaliyolaliana, na ufa uliweza kukua katikati ya mabamba mawili pasipo jicho kuuona. Mwaka 1907 jimbo hilo lilitunga sheria ya boila.

Maandalizi huanza siku kadhaa kabla. Moto huzimwa na boila huachwa ipoe yenyewe. Fundi mwenye haraka akiingiza maji baridi, sehemu moja ya chuma hunywea kabla ya nyingine, na viungo hulegea. Akimwaga maji kabla kuta hazijapoa, tope la ndani hukaukia kwenye chuma na kuwa gumu. Tope hilo, pamoja na ukoko wa chokaa uachwao na maji, ndiyo adui wa kila siku. Ukoko haupitishi joto vizuri. Maji hayakifikii chuma kukipoza, nacho hupata moto kupita kiasi na kupoteza nguvu zake. Mkaguzi hawezi kuona chuma kilichofunikwa. Ndiyo maana ukoko huondolewa ndani, na masizi hukwanguliwa upande wa moto.

Mlango wa kuingilia boila huwa na umbo la yai, na kifuniko chake hukaa kwa ndani. Umbo hilo huwezesha kifuniko kupitishwa kikiwa kimepinduliwa, na mvuke wenyewe hukikaza. Kifuniko cha sentimeta 40 kwa 30 hubanwa kwa nguvu ya uzito wa zaidi ya tani 9.

Kuingia ndani ni hatari ya pekee. Kutu hula oksijeni; chombo chenye unyevu kilichofungwa kwa muda chaweza kuwa na hewa isiyotosha kuvuta, ingawa hakina harufu yoyote. Hupitishwa hewa safi kwanza na kupimwa. Bomba liunganishalo boila hiyo na jirani yake iliyo kazini hutenganishwa, kwani kufunga vali peke yake ni kuitegemea vali ambayo huenda inavuja.

Baadaye boila hujazwa maji na kusukumwa kupita kanieneo yake ya kazi. Maji hutumika, si hewa, kwa sababu hata kwa baa 15 hayapungui ujazo kwa sehemu moja kwa elfu. Chuma kikishindwa, maji huvuja tu.

Nchini Tanzania kazi ya ukaguzi ni ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ulioanzishwa mwaka 2001, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Meneja hulalamika, na si bure: kusimamisha boila wakati wa mavuno ni hasara, kwa maana jani la chai likishachumwa halingoji. Kwa hiyo kiwanda chenye busara huipanga siku ya ukaguzi katika msimu wa uchache wa majani. Moto ukiwashwa tena, hukuzwa polepole, na vali ya usalama huachwa ifunguke yenyewe, mkaguzi akisoma kipimo.