Mfupa, Jino na Nchi: Isotopu Thabiti na Mazingira ya Kale Kandokando ya Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Mnyama akifa, nyama huoza na nyayo hufutika, lakini mifupa na meno yaweza kudumu. Kwa muda mrefu wataalamu wa mambo ya kale waliyachunguza mabaki hayo kwa kuangalia umbo. Jino pana lenye enameli nene lilihusishwa na chakula kigumu. Jino refu lilihusishwa na ulaji wa nyasi. Hata hivyo, umbo huonyesha kile ambacho mnyama aliweza kula. Halithibitishi kile alichokula hasa. Pengo hilo ndilo lililozibwa na uchunguzi wa isotopu thabiti, na matokeo yake yameibadili picha ya nchi za kale katika Afrika Mashariki.

2.0 Maana ya Isotopu Thabiti

Istilahi hii ilianzishwa na mwanakemia Frederick Soddy mwaka 1913. Imetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mahali palepale", kwa kuwa isotopu za elementi moja hukaa katika nafasi moja ya jedwali la elementi ingawa zinatofautiana kwa uzito. Karibu asilimia 98.9 ya kaboni ya asili ni kaboni 12, na takriban asilimia 1.1 ni kaboni 13, iliyo nzito zaidi. Zote mbili huitwa thabiti kwa sababu hazipungui kwa kupita kwa wakati. Kwa sifa hiyo zinatofautiana na kaboni 14, ambayo huoza na hutumika kukadiria umri.

Mimea hainyonyi kaboni hizo mbili kwa uwiano mmoja. Mashamba ya ngolo ya Wamatengo, katika milima ya Mbinga ilipo Maguu, yanatoa mfano mzuri. Humo maharage na mahindi hupokezana. Maharage, kama ulivyo mkahawa na miti ya miombo, yamo katika kundi la mimea ya C3, ambayo huibagua sana kaboni 13. Mahindi, pamoja na nyasi nyingi za nchi zenye joto, yamo katika kundi la C4, ambalo huibagua kwa kiasi kidogo. Kwa kipimo cha kimataifa, mimea ya C3 huwa na wastani wa karibu -27 kwa elfu, na mimea ya C4 karibu -12 kwa elfu. Kwa hiyo, mbuzi anayechuma majani ya vichaka na ng'ombe anayelisha nyasi katika bonde hilohilo hubeba mwilini kumbukumbu mbili tofauti.

3.0 Mfupa na Enameli

Si kila sehemu ya mwili hutunza kumbukumbu kwa namna moja. Mfupa wa mnyama aliye hai hujijenga upya, hivyo kolajeni yake huonyesha wastani wa chakula cha miaka kadhaa. Enameli ya jino hufanyika wakati jino linapokua na haibadilishwi tena. Aidha, katika nchi za joto kolajeni huharibika mapema, na madini ya mfupa hupokea kaboni ngeni kutoka kwenye maji ya ardhini. Enameli ni ngumu zaidi na huweza kuhifadhi chakula cha mnyama kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana katika visukuku vya kale sana jino huaminiwa kuliko mfupa.

4.0 Pande Mbili za Habari Moja

Mwaka 2008, Nikolaas van der Merwe, Fidelis Masao na Marion Bamford walichapisha vipimo vya enameli ya zamadamu wa Tanzania. Mabaki mawili ya Paranthropus boisei, ya Olduvai na Peninj, yalionyesha kwamba asilimia 77 hadi 81 ya chakula chao ilitokana na kundi la C4. Mwaka 2011 vipimo vya meno ya jamii hiyo kutoka Kenya vilitoa wastani wa asilimia 77. Ilionekana kana kwamba tabia ya kiumbe huyu imekwisha kujulikana: taya lake kubwa lilisaga nyasi na mimea ya jamii ya mafunjo.

Jibu tofauti lilitoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Katika eneo la Karonga, kaskazini mwa Malawi, taya la Homo rudolfensis lilipatikana Uraha mwaka 1991, na kipande cha taya la Paranthropus boisei kilipatikana Malema baadaye. Umri wao ni takriban miaka milioni 2.4. Tina Lüdecke na wenzake walipochapisha vipimo vya enameli yao mwaka 2018, ilibainika kwamba zamadamu wote wawili walitegemea zaidi mimea ya C3. Udongo wa kale wa eneo hilo nao ulikuwa umeonyesha nchi yenye miti mingi. Jamii ileile, yenye taya lilelile, ilikula chakula kingine katika nchi nyingine.

5.0 Mipaka ya Ushahidi

Kipimo cha kaboni hutaja kundi la mimea. Hakitaji msitu wala mbuga. Ngiri huweza kuchagua nyasi hata katika nchi yenye miti, na katika milima mirefu yenye baridi zipo nyasi za C3. Kwa hiyo wanyama wa aina nyingi hupimwa pamoja, na oksijeni huongezwa: maji yanapovukizwa, oksijeni 18 iliyo nzito hubaki kwa wingi, na wanyama wanaopata maji yao kwenye majani huionyesha kuliko kiboko akaaye majini.

6.0 Hitimisho

Habari ya chimbuko la binadamu imezoeleka kusimuliwa kama habari ya mbuga za nyasi, kwa sababu visukuku vingi vilipatikana kaskazini. Meno ya Karonga yanaonyesha kwamba nchi moja haiwezi kuisemea nyingine. Kanuni hiyo inaihusu hata pwani ya Ruvuma: mazingira yake ya kale hayawezi kuazimwa kutoka Olduvai, wala kutoka Karonga, bali yatajulikana kwa mabaki ya wanyama walioishi humo.