Meno ya Plastiki na Mtoto Anayeharisha

Meno ya plastiki, ambayo pengine huitwa meno ya nailoni, ni jina lililovuma Tanzania tangu miaka ya 1980. Inaaminika kwamba mtoto anayeharisha au mwenye homa isiyokwisha huwa na meno meupe, laini, yaliyojificha ndani ya ufizi, na kwamba yasipong'olewa atakufa. Uganda imani hiyohiyo huitwa ebinyo.

Mzazi akifunuliwa mdomo wa mwanawe huona kweli uvimbe mweupe pembeni ya ufizi wa mbele. Huo ni mche wa chonge, yaani jino la utoto ambalo bado linaumbwa. Halijakomaa wala kuwa gumu, ndiyo maana likichokolewa hutoka laini kama plastiki. Kila mtoto mchanga anayo miche hiyo, awe mgonjwa au mzima. Ikiachwa, chonge huota zenyewe kati ya miezi 16 na 22.

Jino la kwanza, kwa kawaida la mbele chini, huchomoza mtoto akiwa na miezi 6 hivi, ingawa wapo wanaochelewa hadi mwaka. Yote 20 hutimia anapokaribia miaka 3. Wakati wa kuota, udenda humtoka mtoto, hung'ata kila anachoshika na hulialia usiku. Joto la mwili huweza kupanda kidogo tu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi haisababishwi na jino, wala kuharisha.

Jino husingiziwa kwa sababu magonjwa hufika pamoja nalo. Katika umri huohuo kinga aliyoipata mtoto kwa mama tumboni inapungua, anaanza kula uji, anatambaa, na kila kilicho sakafuni anakitia mdomoni. Vijidudu vya kuharisha hupitia humo.

Kung'oa miche hiyo kwa spoku ya baiskeli, kisu au ukucha ni ukatili, hata pale unapofanywa kwa mapenzi. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji hutoka damu nyingi, na kidonda huingiza pepopunda, sumu ya damu, hata virusi vya UKIMWI ikiwa kifaa kimetumika kwa mwingine. Wapo wanaokufa. Wanaopona huenda wakaota chonge za ukubwani zilizopinda au wasiote kabisa, kwa kuwa mche wa jino la kudumu upo jirani na ule uliochokolewa.

Anayeharisha hutibiwa kwa ORS, yaani dawa ya kurudisha maji mwilini, iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo cha kwenye paketi, pamoja na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi 6 na kuendelea, 10 kwa mdogo zaidi, siku 10 hadi 14. Kunyonya kusikatizwe. Mwenye homa apimwe malaria, na anayekohoa ahesabiwe pumzi: 50 au zaidi kwa dakika kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, au 40 baada ya hapo hadi miaka 5, ni dalili ya nimonia.

Fizi zinazouma husuguliwa kwa kidole safi au kitambaa kilicholowekwa maji baridi. Dawa za kupaka za kutia ganzi zisitumike, kwani baadhi huzuia damu kubeba oksijeni.

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea bila fahamu apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.