Soma Choki Kabla ya Kununua Tyubu

Tyubu ikianza kupepesa kwenye korido ya ploti ya Eastlands jijini Nairobi, Kayole au Umoja, mtu hupanda stuli akaizungusha kidogo kwenye holda. Isipokubali, mtoto hutumwa dukani kununua stata, kwa sababu ndicho kifaa cha bei ya chini kuliko vyote. Mara nyingi taa huwaka, lakini wiki haiishi kabla haijaanza kupepesa tena, na ncha za tyubu nazo zinazidi kuwa nyeusi. Hapo tatizo haliko kwenye kifaa kimoja. Tyubu, choki na stata vimewekwa pamoja bila kuulizwa kama vinaelewana.

Ndani ya tyubu mna gesi kidogo na miligramu chache za zebaki. Umeme ukipita humo, mvuke wa zebaki hutoa mionzi ya urujuanimno ambayo macho hayaioni, na unga mweupe uliopakwa kwenye kioo huigeuza kuwa mwanga. Ila gesi ina tabia ambayo waya wa kawaida hauna: kadiri mkondo unavyoongezeka, ndivyo ukinzani unavyopungua, na mkondo unazidi kupanda. Tyubu ikiunganishwa moja kwa moja na stima ya volti 240, huharibika papo hapo. Choki, yaani ule mzigo mdogo wa chuma na waya wa shaba unaonguruma juu ya dari, ndiyo inayouzuia mkondo huo usivuke kiwango.

Kiwango chenyewe kimeandikwa. Ukifungua kifuniko cha taa ya futi nne, baada ya kuzima swichi kuu na si ya ukutani tu, utaona kibandiko kwenye choki: 36/40W, 240V, 50Hz, ampea 0.43. Futa vumbi usome. Tarakimu ya ampea ndiyo yenye uzito zaidi. Tyubu ya wati 36 inataka ampea 0.43, ile ya futi tano ya wati 58 inataka 0.67, na ya futi mbili ya wati 18 inatosheka na 0.37. Ukiiweka ya 36 kwenye choki ya 58, itawaka kwa fahari, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Nyuzi za ncha zake zimepakwa kemikali inayosaidia kurusha elektroni, na mkondo wa ziada huichoma kemikali hiyo haraka. Weusi unaoonekana kwenye ncha ni mabaki yake. Ukiiweka hiyo ya 36 kwenye choki ya 18, itasumbuka kuwaka, na ikiwaka itakuwa hafifu.

Unene haupaswi kukutisha sana. Tyubu nene ya zamani ya wati 40, yenye kipenyo cha milimita 38, na ile nyembamba ya wati 36, milimita 26, hutumia choki moja, kwani hii ya pili ilibuniwa iingie mahali pa ile ya kwanza. Ndiyo maana choki huandikwa 36/40.

Stata nayo ina yake. Ndani ya kikopo hicho mna kibalbu cha gesi chenye kibati cha metali mbili. Stima ikifika, gesi inawaka, kibati kinapata joto, kinajipinda na kugusa mwenzake, na nyuzi za tyubu zinapashwa moto. Kikipoa kinaachia ghafla, na choki iliyokatiwa mkondo inarusha mpigo wa mamia ya volti unaoiwasha tyubu. Baada ya hapo stata inatakiwa itulie. Iliyoandikwa 4–22W ni ya tyubu fupi. Ukiiweka kwenye tyubu ya futi nne, volti mia na kitu zilizo kati ya ncha za tyubu inayowaka zinaweza kuiamsha tena, na taa ikapepesa usiku kucha. Ya 4–65W inafaa tyubu moja, fupi au ndefu. Lakini taa ya tyubu mbili za wati 18 zinazofuatana kwenye choki moja ya 36 inahitaji stata mbili za 4–22W, kwa sababu kila moja inapata nusu tu ya volti. Fundi akiweka za 4–65W hapo, hakuna kitakachowaka, na mwenye nyumba atauziwa tyubu mpya bure.

Kuna dalili moja isiyo na ubishi: ncha zote mbili zinang'aa rangi ya chungwa na katikati ni giza. Hiyo ni stata iliyonata. Itoe mara moja kabla haijaiua tyubu nzima. Lakini asubuhi ya Julai, baridi ya Nairobi inapouma, au jioni volti zinaposhuka, hata seti iliyopangwa vizuri inaweza kupepesa mara kadhaa kabla ya kushika. Hapo usibadilishe kitu.

Kwa karakana za Kariobangi Light Industries nina wasiwasi wa namna nyingine. Tyubu ya choki huzimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde, na chini ya mwanga huo msumeno au mashine ya kukereza inaweza kuonekana imesimama ilhali inazunguka. Balasti ya kielektroniki, inayochukua nafasi ya choki na kuendesha tyubu kwa masafa ya juu ya hezi 20,000, inaondoa hatari hiyo. Hiyo haitaki stata kabisa, nayo pia ina tyubu zake zilizoandikwa juu.

Haya yote yana muda wake. Mwaka 2023, jijini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizi ikome kufikia 2027, na nchi za Afrika ndizo zilizolisukuma jambo hilo. Kwa Eastlands ni habari njema, maana tyubu iliyotupwa na takataka safari yake huishia jaa la Dandora, mikononi mwa watu wanaochambua taka bila glavu. Ya zamani itoe nzima, usiivunje ili itoshe kwenye mfuko.

Badala yake, tyubu za LED za kuingia kwenye holda zile zile zipo madukani. Nyingi huja na stata yake, ambayo kwa kweli ni fyuzi tu, na choki inaweza kubaki. Stata ya zamani isiachwe humo. Fundi mwingine huondoa choki na kupeleka stima ncha moja ya holda. Ni kazi safi, lakini nyumba za kupanga hubadilisha watu, na mpangaji anayefuata akiweka tyubu ya kawaida hapo, volti 240 zinapita kwenye uzi mwembamba wa ncha na kuulipua. Mwambie fundi aandike kwa kalamu nzito juu ya kifuniko, kabla hajashuka kwenye ngazi: LED PEKEE, na ncha yenye stima ni ipi.