Mahari Hutolewa, Hailipwi

Majuzi niliketi na wazee katika boma la shemeji yangu, huko Machakos, kupokea posa ya mpwa wangu. Katika mila ya Wakamba, mbuzi watatu wa ntheo ndio humfanya binti atambuliwe kuwa mke wa mtu. Siku hiyo mbuzi hawakuonekana. Kijana alitoa simu mfukoni, akatuma thamani yao, na wazee wakaridhia. Sikuona ubaya, mila isiyopinda huvunjika.

Kilichonishtua ni kauli ya mzee mmoja: "Basi, amelipa. Sasa ni wake."

Mpwa wangu, aliyekuwa akitutengea chai, aliniinamia akaninong'oneza: "Mjomba, nikirudi siku moja nimeumizwa, mtanifungulia mlango, au mtasema pesa zimekwisha kutumika?"

Swali hilo lilinikumbusha msamiati wa Waswahili wa pwani. Kwao mahari, kwa mujibu wa dini ya Kiislamu, ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Kando yake huwapo kilemba cha baba na mkaja wa mama. Mkaja ni kitambaa ambacho mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Leo mara nyingi hutolewa fedha, lakini jina limebaki, nalo latukumbusha kuwa binti huyu ana aliyemzaa kwa uchungu. Nani awezaye kununua uchungu huo?

Hata sheria imeliona jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kuwa pale ambapo mahari huhitajika ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo tu cha kuonyesha ishara chatosha. Ishara haina bei.

Hatari, basi, haimo katika simu wala katika noti. Imo katika kitenzi. Anayelipa humaliza deni, akachukua chake akaenda zake. Anayetoa huanzisha ujamaa, na ujamaa una macho: huuliza, hukemea, hupokea aliyeumia.

Nilisimama, nikawaomba wazee radhi, nikasema: "Kijana huyu hakulipa. Ametoa. Na binti yetu bado ni wetu."

Wengine waliguna. Mpwa wangu aliendelea kumimina chai, lakini niliona mkono wake umetulia.