Nyimbo na Michezo ya Watoto: Jinsi Inavyolea Utu na Kufundisha

Mwanafunzi akiulizwa dhima ya nyimbo na michezo ya watoto, mara nyingi huandika maneno matatu: kuburudisha, kuelimisha na kuonya. Kisha huweka nukta na kwenda swali linalofuata. Hajadanganya, lakini jibu hilo lingefaa pia kwa methali, kwa hadithi ya sungura, hata kwa kipindi cha redio. Msahihishaji anataka kujua nyimbo na michezo ya watoto inafanya nini ambacho methali haikifanyi. Katika sehemu hii tutalishughulikia swali hilo, na utaona kwamba jibu haliko kwenye maneno ya wimbo peke yake. Sehemu kubwa ya mafunzo imo katika kile ambacho mwili wa mtoto unalazimika kufanya wimbo unapoimbwa.

Kwanza tuweke mambo mahali pake. M. M. Mulokozi, katika uainishaji wake wa mwaka 1989, aliigawa fasihi simulizi katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, semi, ushairi na ngomezi. Wimbo huwekwa kwenye ushairi, na michezo ya watoto kwenye maigizo. Mtoto mwenyewe hajui mpaka huo. Anaimba huku anaruka, na ukimwambia aimbe bila kuruka atasahau maneno. Kwa hiyo swali likitaja nyimbo za watoto, usiogope kuelezea na mchezo wake. Eleza tu kwamba tanzu hizi huingiliana wakati wa utendaji. Kumbuka pia kwamba kila tukio la fasihi simulizi lina fanani, hadhira, mahali na wakati. Katika michezo ya watoto, fanani na hadhira mara nyingi ni watu walewale, wanaopokezana. Hoja hiyo tutairudia, maana ndiyo yenye uzito.

Kuhusu mahali, nichukue Kabuku, kwa sababu ndipo ninapofundisha na kwa sababu mji huu unalifafanua jambo hili vizuri. Ukitoka Chalinze kwenda Segera, baada ya Mkata unaingia Kabuku, wilaya ya Handeni, na Korogwe iko mbele kidogo. Wenyeji ni Wazigua. Lakini mkoa wa Tanga ni mkoa wa mkonge. Tangu Richard Hindorf alipouleta mmea huo mwaka 1893, mashamba yake yalivuta vibarua kutoka mbali: Songea, Njombe, Kigoma, Msumbiji, hata Rwanda na Burundi. Hao ndio walioitwa manamba. Walikuja na lugha zao, na waliozaa huku watoto wao walikutana na watoto wa Kizigua kwenye uwanja mmoja. Sasa fikiria mtoto wa miaka mitano aliyefika juzi, hajui Kizigua na Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Hawezi kusimulia hadithi wala kutega kitendawili. Lakini akishikwa mkono na kuingizwa kwenye mduara, baada ya mizunguko miwili anaitikia kama wengine. Kiitikio ni kifupi, kinarudiwa, na hakuna anayemsikiliza yeye peke yake. Hapo mchezo umemkaribisha mgeni kabla hajajua lugha ya kukaribishwa.

Hoja ya namna hiyo ina thamani kubwa kwenye mtihani kuliko kuandika tu kwamba "nyimbo huleta umoja".

Tuangalie michezo yenyewe. Chukua mchezo wa ukuti, ambao nina hakika umeucheza. Watoto hushikana mikono, huunda duara, huzunguka wakiimba, na mwisho huchuchumaa au hujiangusha chini pamoja. Maneno yake yanazungumzia kuti la mnazi na upepo. Ukitafuta humo onyo au wosia, hutauona. Sasa tazama kanuni za mchezo. Mikono imeshikana, kwa hiyo hakuna anayeweza kukimbia zaidi ya mwenzake bila kuikata duara. Akiwepo mtoto mdogo wa miaka mitatu, duara zima linapunguza mwendo, la sivyo ataburutwa, atalia, na mchezo utaishia hapo. Wakubwa hawakuhubiriwa habari ya kumjali mdogo. Wamemjali kwa sababu miguu yao imefungwa kwenye mwendo wake. Na wanapoanguka, wanaanguka wote, hakuna mshindi wala wa mwisho. Ndiyo maana nasema usiishie kwenye maneno: mwanafunzi anayechambua ukuti kwa kunakili maneno yake atabaki na kuti na upepo.

Mchezo wa nyama hufundisha jambo tofauti. Kiongozi hutaja wanyama mmoja baada ya mwingine, kwa mapigo ya haraka. Akitaja mnyama anayeliwa, wote huitikia. Akitaja asiyeliwa, hunyamaza. Anayeitikia kimakosa huchekwa kidogo au hutoka. Mtoto hapa anajifunza kusikiliza hadi mwisho wa neno na kujizuia, jambo ambalo walimu wa darasa la kwanza wangelilipia fedha kama lingeuzwa. Kuna na lingine. Katika mji kama Kabuku, wenye Waislamu na Wakristo, ipo siku kiongozi atamtaja nguruwe, nusu ya duara iitikie na nusu inyamaze. Nani kakosea? Watoto hubishana, kisha huamua wenyewe: ama mnyama huyo asitajwe tena, ama kila mmoja aitikie kwa desturi ya kwao. Wazee wakikaa kwenye mkutano kulijadili jambo hilo wangeweza kumaliza alasiri nzima. Watoto hulimaliza upesi kwa sababu wanataka mchezo uendelee.

Kombolela si mchezo wa wimbo sana, lakini usiuache. Mmoja huhesabu huku wengine wakijificha. Anaowaona huwa mateka. Akitokea ambaye hajaonekana, akawahi kufika kituoni na kukigonga, wote waliokamatwa huwa huru. Jina la mchezo limetokana na kitenzi "komboa", na ukilieleza hilo msahihishaji ataona kwamba umefikiri. Anayejificha ana njia mbili: abaki salama mafichoni, au ajitokeze na kuhatarisha usalama wake kwa ajili ya wenzake. Watoto humsifu yule wa pili.

Je, haya ni mawazo ya walimu wa Kiswahili tu? La. Mwaka 2010 watafiti wawili nchini Ujerumani, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa miaka minne. Watoto walicheza wawili wawili. Baadhi walicheza wakiimba na kufuata mapigo pamoja. Wengine walicheza mchezo wa namna ileile bila muziki. Baadaye mmoja alipopatwa na shida ndogo iliyokuwa imepangwa, waliotoka kwenye muziki walikuwa wepesi zaidi kumsaidia mwenzao. Miaka minne baadaye, 2014, Laura Cirelli na wenzake huko Kanada walijaribu kwa watoto wadogo zaidi, wa miezi 14. Mtoto alibebwa na kudundishwa kwa mapigo ya muziki, huku mtu mzima aliyesimama mbele yake akidunda sambamba naye au kinyume na mapigo yake. Kisha mtu huyo aliangusha vitu kana kwamba kwa bahati mbaya. Watoto waliodunda sambamba naye walimwokotea mara nyingi zaidi. Hawakuwa wamefundishwa neno lolote kuhusu wema. Unaweza kuyataja majaribio haya kama kiungo kwenye insha yako, lakini yasichukue nafasi ya mifano ya fasihi simulizi. Swali ni la fasihi.

Wimbo wa kwanza kabisa wa mtoto, bembelezi, hufuata utaratibu huohuo wa mapigo na mwili. Mtoto yuko mgongoni, kwenye mbeleko. Anayembeba hutikisika taratibu, hupigapiga makalio ya mtoto kwa kiganja, na huimba kwa mwendo huo. Katika familia nyingi za kwetu mbebaji si mama peke yake, ni dada wa miaka minane au tisa. Waandishi wa vitabu husema bembelezi humtuliza mtoto. Mimi ningeongeza kwamba humtuliza na anayebeba, kwa sababu huwezi kuimba taratibu huku una hasira. Yule dada anajifunza subira kwa mgongo wake.

Upande wa kujifunza masomo nao una mengi, ila nitagusa moja ambalo litakusaidia hata kwenye maswali ya sarufi. Kiswahili ni lugha ya silabi zinazoishia kwa irabu, kwa hiyo kinapigika makofi vizuri. Mwalimu wa darasa la awali akipiga makofi Ka-bu-ku, ni makofi matatu. Ko-ro-gwe, matatu. Sasa jaribu neno "mkonge". Wanafunzi wangu wengi wa kidato cha tatu husema lina silabi mbili. Mtoto wa darasa la kwanza anayeimba hakosei, hupiga m-ko-nge, makofi matatu, kwa sababu mkono wake umehisi kwamba hiyo "m" ya mwanzo inasimama peke yake kama silabi. Kofi zito litaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ambapo mkazo wa maneno mengi ya Kiswahili hukaa: Ka-BU-ku, m-KO-nge, Ha-NDE-ni. Ukikwama kwenye chumba cha mtihani, piga makofi kimyakimya juu ya paja lako. Hakuna msimamizi atakayekukataza.

Sasa upande wa pili, ambao wanafunzi wengi huuruka kana kwamba fasihi simulizi haina dosari. Kila unachoweza kukijenga kwa mapigo na mduara, unaweza kukibomoa kwa mapigo na mduara. Zipo nyimbo za kumzomea kikojozi, mwenye mashilingi kichwani, mwenye kigugumizi, mtoto anayechechemea. Nazo zina kiitikio kifupi, nazo huimbwa na kundi, na ndiyo maana zinauma kuliko tusi la mtu mmoja. Mtoto aliyewekwa katikati na kuimbiwa hivyo anaweza kukataa kurudi shuleni, na hapo hatuzungumzii burudani tena. Swali likisema "jadili", hoja hii lazima iwemo. Angalia pia kwamba muundo wa wimbo ni uleule. Kilichobadilika ni nafasi ya mtoto. Katika ukuti yeye ni sehemu ya duara, katika kuzomea yeye ndiye kitu kinachozungukwa. Mlezi mwenye busara hamalizi tatizo kwa kupiga marufuku kuimba. Hubadili nafasi: yule anayechechemea akiwa mwimbishaji, duara zima litafuata mwendo wake.

Hapa tunarudi kwenye fanani na hadhira. Katika hadithi, bibi ni fanani jioni yote. Katika mchezo wa watoto, aliyeongoza sasa hivi ataitikia baada ya muda, na aliyekuwa anaitikia ataongoza. Mtoto mwenye sauti kubwa hujifunza kunyamaza, mwenye aibu husukumwa mbele. Kupokezana huku hakupatikani kwenye simu, ambako mtoto hubaki hadhira kutwa nzima hata kama wimbo anaoutazama ni mzuri. Sidhani kwamba simu ni adui wa watoto, lakini haimshiki mkono mtu.

Swala la watu wazima kuzitupa ngoma zetu si la leo. Desemba 1962, akihutubia kama Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Julius Nyerere alieleza masikitiko yake kwamba waliosoma walijua kucheza dansi za kigeni lakini wachache walizijua ngoma kama kiduo au lelemama, na alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana. Unaweza kulitumia tukio hilo kwenye utangulizi wa insha, kwa sentensi moja, si zaidi.

Tumalizie na namna ya kuandika. Hebu linganisha majibu haya mawili ya swali moja. La kwanza: "Michezo ya watoto hufundisha ushirikiano kwa sababu watoto hucheza pamoja." La pili: "Michezo ya watoto hufundisha ushirikiano. Kwa mfano, katika ukuti watoto hushikana mikono na kuzunguka kwa mwendo mmoja, hivyo mkubwa hulazimika kumsubiri mdogo ili duara lisikatike." Jibu la pili lina hoja, lina mfano, lina utendaji, na linaonyesha sababu. Ukiandika hoja tano za namna hiyo, huhitaji kujaza kurasa.

Zoezi

1. Chagua mchezo mmoja wa watoto unaochezwa mtaani kwenu ambao haukutajwa hapa. Eleza kanuni zake kwa hatua, kisha onyesha tabia mbili ambazo kanuni hizo, na si maneno ya wimbo, hujenga kwa mtoto.

2. "Nyimbo za watoto hulea, na nyimbo hizohizo huumiza." Jadili kwa hoja sita.

3. Gawa maneno haya katika silabi na uonyeshe mkazo: mtoto, mbeleko, kombolela, nyama, Segera.