Kidonge Kimoja, Saa Moja

Chaani ni mtaa wa watu wa zamu. Kwa kuwa bandari ya Kilindini haifungi milango usiku, wala uwanja wa ndege wa Moi haufungi, wala malori ya makontena hayaachi kupanda na kushuka Changamwe, utawakuta watu wa nyumba moja wasiolala pamoja wala kuamka pamoja: mume hurudi alfajiri, mke hutoka asubuhi kwenda kiwanda cha nguo au sokoni, na juma lijalo mambo hugeuka. Nimeanza na habari ya zamu, wala sikuanza na habari ya tiba, kwa sababu dawa ninayokusudia kuieleza, yaani vidonge vya uzazi wa majira, aghalabu haishindwi na udhaifu wake yenyewe, bali hushindwa na saa ya mwenye kuimeza.

Hesabu ya wataalamu ni hii. Wanawake 1,000 wakivimeza mwaka mzima pasipo kukosea, watakaoshika mimba ni 3 hivi; lakini wanawake 1,000 wakivimeza kama wanadamu walivyo, wenye kusahau, kusafiri, kuugua na kuishiwa na paketi siku ya Jumapili, watakaoshika mimba mwaka huo huo ni 70 hivi. Kidonge ni kile kile, na duka la dawa ni lile lile. Kilichowatenga wale 3 na hawa 70 ni utaratibu tu.

Paketi ya kawaida, mfano wa Microgynon Fe inayojulikana Kenya, ina vidonge 28. Vidonge 21 vya kwanza ndivyo vyenye kazi: ndani yake mna homoni mbili, estrojeni na projestini, ambazo zikidumu katika damu huituliza ile amri ya ubongo inayoyapevusha mayai, na huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito hata mbegu ya mume isipate njia. Vidonge 7 vya mwisho, vya rangi ya kahawia, havina homoni hata chembe. Vina madini ya chuma ya kuongeza damu, na wajibu wao mkubwa ni kumshikia mwanamke hesabu, ili mkono usiache mazoea ya kila siku. Katika siku hizo 7 damu hutoka, na siku ya nane, iwe damu imekatika au bado inatoka, paketi mpya huanzwa bila kungoja.

Hapa ndipo penye siri ya jambo lote, nami sina budi kukawia kidogo. Vifuko vya mayai huhitaji siku 7 mfululizo za homoni ili vitulie, na vikikosa homoni siku 7 huwa vimeanza kujinyoosha kama mtu aliyesikia jogoo la kwanza. Bado hajaamka, lakini usingizi umekuwa mwepesi. Siku hizo 7 za kahawia ndizo ukomo wa ruhusa. Kwa hiyo, kinyume cha wadhanivyo wengi, usahaulifu wa hatari kuliko wote si ule wa katikati ya paketi, bali ni ule wa mipakani, pale mwanamke anapochelewa siku mbili au tatu kuanza paketi mpya kwa kuwa dukani hazikuwapo au kwa kuwa alikuwa safarini bara, akaziongeza siku hizo juu ya zile 7 na kuvipa vifuko nafasi ya kuamka kabisa.

Ukiifahamu siri hiyo, kanuni za kusahau hazina haja ya kukaririwa, maana hujieleza zenyewe. Aliyesahau kidonge kimoja chenye homoni akimeze mara akumbukapo, hata ikiwa ni pamoja na cha leo, kisha aendelee, hakuna lililoharibika. Aliyesahau viwili au zaidi mfululizo ameze kimoja papo hapo, aendelee kila siku kwa saa yake, na atumie kondomu au ajizuie hadi atimize siku 7 za kumeza bila kukosa. Ikiwa amesahau hivyo katika juma la tatu, asiviguse vya kahawia: amalize vyenye homoni, avitupe vile 7, aingie paketi mpya siku ya pili yake, ili pengo lisiongezwe juu ya pengo. Ikiwa ni juma la kwanza, na amekutana na mumewe katika siku zile, basi aende upesi kuuliza habari ya dawa ya dharura. Na aliyesahau vya kahawia hakusahau kitu; avitupe alivyoviruka, mradi asipoteze hesabu.

Kutapika kuna hukumu yake. Akitapika kabla ya saa mbili kupita tangu kumeza, na ameze kingine. Na kutapika au kuharisha kukizidi siku mbili, ahesabu kwamba siku hizo hakumeza kitu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, pamoja na baadhi ya dawa za kifafa, huidhoofisha nguvu ya vidonge, na mwenye kutumia dawa za virusi vya Ukimwi amweleze mhudumu ni zipi; lakini dawa kama amoksilini, ambayo wengi huihofu bure, haidhuru.

Kuanza nako ni kwepesi. Mwanamke akianza katika siku 5 za kwanza za hedhi yake, amekingika tangu siku hiyo. Akianza siku nyingine yoyote, naye ana yakini kwamba hana mimba, ajihadhari kwa siku 7, na sababu yake msomaji ameshaijua.

Sasa turudi kwenye saa. Mombasa ipo karibu sana na ikweta, hata saa ya kuchwa kwa jua letu haibadiliki sana baina ya kaskazi na kusi. Kwa hiyo adhana ya Isha, ambayo katika nchi za Ulaya hutangatanga kwa saa nyingi baina ya kiangazi na baridi, kwetu haihami hata saa nzima mwaka mzima. Saa gani ya ukutani iliyo aminifu kuliko hiyo, tena isiyohitaji betri? Nyumba isiyoswali ina taarifa ya habari ya saa moja usiku. Mwenye zamu za kugeuka achague saa ambayo hata akiwa kazini hujikuta macho, na paketi ikae mkobani, mbali na joto la jiko. Katika Ramadhani hakuna shaka wala udhia, maana saa ya Isha imo baina ya futari na daku. Wako pia wanaoviruka vya kahawia na kuunganisha paketi mbili ili hedhi isiwakatize saumu au Haji. Kwa mwenye afya tiba haioni ubaya, ila na amuulize muuguzi kwanza.

Kuna aina ya pili ya vidonge, yenye projestini peke yake, ambayo hupewa mama anayenyonyesha, kwa kuwa vile vya homoni mbili havimfai mnyonyeshaji hadi mtoto atimize miezi 6. Paketi yake haina siku za mapumziko, na iliyo ya namna ya zamani, kama Microlut, ni kali kwa saa: kuchelewa zaidi ya saa tatu ni sawa na kusahau.

Wala vidonge si vya kila mwanamke. Mwenye shinikizo la damu, mwenye miaka 35 au zaidi naye huvuta sigara, aliyewahi kugandiwa na damu mishipani, mwenye saratani ya matiti, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, hao hawapewi vyenye estrojeni. Ndiyo maana kupimwa shinikizo kabla ya kuanza ni jambo la busara. Maumivu makali ya mguu au ya kifua, au kichwa kuuma ghafla na macho kufifia, si ya kungoja asubuhi.

Khofu nyingine nyingi ni urithi wa zamani. Kidonge cha kwanza, Enovid, kilichoidhinishwa Marekani kwa kuzuia mimba mwaka 1960, kilikuwa na estrojeni ya miligramu 0.15, cha leo kina 0.03 tu, na madhara yake yamepungua. Kwamba vidonge hurundikana tumboni au huua kizazi ni uzushi: mwenye kuacha hurudi katika hali yake. Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, mbele ya nchi nyingi za Afrika, na leo sindano na kipandikizi vimevipita vidonge kwa wingi wa watumiaji, kwa sababu havimdai mtu kumbukumbu ya kila siku. Asiyeiweza saa asione haya kuvichagua hivyo.

Lisilo na udhuru ni desturi ya vijana ya kuifanya P2 kuwa ndiyo kinga ya kila juma. P2 ni dawa ya dharura. Hufaa ikimezwa mapema, bora ndani ya siku 3 na isizidi 5, na kinga yake ni hafifu kuliko ya vidonge vya kila siku. Na hakuna kidonge, cha dharura wala cha kila siku, kinachozuia kisonono, kaswende au virusi vya Ukimwi. Kazi hiyo ni ya kondomu.

Nawe msomaji, ikiwa u miongoni mwa wanaovitumia, inuka sasa hivi uitazame paketi yako. Kama umekwisha kufika kwenye vya kahawia na huna nyingine ya akiba, usingoje siku ya nane: kesho asubuhi nenda hospitali ya Port Reitz au zahanati iliyo karibu nawe, ukaombe paketi tatu kwa pamoja.